Moshi Alioufuta Mama

Asubuhi ile Verna Dudek alimwomba Mungu jambo moja tu: picha ya sebuleni ionekane takataka mbele ya mthamini.

Aliomba akiwa amesimama jikoni, mikono imejaa unga, akifungafunga pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, ambazo angewalisha watu walewale aliokuwa akiwaombea mabaya. Ndivyo ulivyo mji wa reli wa Portlow. Mtu unaweza kumchukia mpaka meno yakakuuma, lakini humwachi atoke nyumbani kwako na njaa, maana ya chuki atayasahau na ya njaa atakwenda kuyatangaza. Nje theluji ya kwanza ya Novemba ilikuwa ikidondoka juu ya reli. Treni ya dizeli ilipita ikiguna, ikavitikisa vikombe kabatini kama ivitikisavyo kila siku. Verna hakujisumbua kuitazama.

Baba yao, mzee Casimir Dudek, aliyekuwa dereva wa treni, alifariki Septemba akiwa na miaka tisini na moja. Wosia wa wakili hakuacha. Aliacha neno tu: "Gawaneni kama kule yadi. Sitaki kusikia habari za mahakama."

Kila mtu Portlow anajua maana yake. Kule yadi ya treni watu hawako sawa. Aliyetangulia kuajiriwa huchagua kwanza: treni yake, zamu yake, likizo yake. Aliyekuja nyuma huokota kilichobaki, ashukuru. Kwa hiyo mzee wa reli anapokufa, watoto hukaa mezani wakachagua vitu kwa ukubwa wao, kimoja kimoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wanarudia, mpaka wanafika kwenye vijiko vya chai. Hakuna familia ya Portlow iliyowahi kwenda mahakamani. Zipo nyingi ambazo hazikusemeshana tena, lakini mahakamani hazikwenda.

Nyumba yenyewe haikuwa na ugomvi. Mzee alikwisha kumwandikia Verna zamani, na nyumba ya kando ya reli haimtoi mtu mate. Vitu vya maana vilikuwa viwili: gari la Buick lililofunikwa shuka kwenye banda, na picha ya sebuleni. Wachaguzi nao walikuwa watatu. Kaka mkubwa, Stan. Dada wa kati, Joanne. Na Verna, kitinda mimba, ambaye tangu utotoni alioga maji ambayo wenzake wamekwisha kuyaoga, na akavaa viatu ambavyo vimekwisha kuzoea miguu ya watu wengine.

Stan alikuwa amempigia simu kutoka Omaha, anakoishi tangu alipohamia reli ya huko, na hakuzungusha maneno. "Nimetafuta mthamini. Akisema picha ina maana, nachukua picha. Akisema ni upuuzi, nachukua gari. Usiiguse mpaka nije."

Basi ndiyo maana ya lile ombi la jikoni. Verna aliitaka ile picha. Gari hata kuliendesha hakujua.

Joanne alifika kwanza, akichechemea kwa magoti mabovu, mkononi ana keki ya dukani. Anaishi mitaa mitatu tu kutoka pale, na kila Jumapili huja kula na kulalamika.

"Umepika tena?" alisema akivua koti. "Unampikia Stan? Yule aliyelala hotelini jana kana kwamba hapa kuna kunguni?"

"Nampikia mthamini."

"Aka! Mthamini mwenyewe kaletwa na Stan. Ni yaleyale." Joanne akaketi kwa mguno. "Mimi nakwambia mdogo wangu, usipigane na Stan. Stan anajua mambo. Chukua ile seti ya vyombo, tulia."

"Seti ya vyombo tayari naitumia. Iko kabatini kwangu."

"Ndiyo hivyo, basi. Hutahangaika kuibeba."

Stan alipoingia hakubisha hodi. Alikuwa na miaka sitini na sita, mrefu bado, shati limepigwa pasi na mtu mwingine. Alisimama mbele ya kochi akaitazama picha iliyokuwa juu yake, mikono kiunoni, kama mtu anayemkagua ng'ombe.

Picha ilikuwa ya yadi ya Portlow wakati wa baridi kali, wakati wa treni za moshi. Injini tatu nyeusi zimesimama kando ya tangi la maji, mapaa yamelala chini ya theluji, wanaume wawili wanatembea na taa mkononi. Aliyeichora ni Emil Straka, mtu wa palepale, ambaye zamani alikuwa akishinda yadi na vibao vyake mpaka vidole vinakufa ganzi. Akiwa hana kuni anachora, anabadilishana na makaa. Siku hizi Straka amekwisha kufa na amekuwa mtu mkubwa. Nakala za picha zake zimetundikwa benki, kwa kinyozi, na hata kwa daktari wa meno, ili watu wafurahie zamani huku waking'olewa meno.

"Hii ndiyo roho ya Portlow," Stan alisema. "Tazama. Zile ndizo zilikuwa treni. Siyo haya makopo ya dizeli."

"Roho ya Portlow ilinuka kiberiti," Verna akajibu kutoka mlangoni. "Wanaozililia treni za moshi ni wale ambao hawakuzifulia nguo."

"Wewe ulikuwa mtoto. Unajua nini?"

"Na ile ni picha ya kalenda. Nakala tu. Hata injini hazitoi moshi. Umewahi kuona injini inayofanya kazi bila moshi?"

Stan aligeuka, akamtazama kwa macho madogo. "Mbona unaisema vibaya sana leo? Kwani mimi sikujui?"

Verna akarudi jikoni haraka. Mdomo umemponza. Kusifu ni kosa, kuponda nako kumbe ni kosa.

Mthamini alikuwa mwanamke, Bi Adele Renshaw, kutoka mjini Pittsburgh. Mwembamba, koti la kijivu, mkoba wa ngozi kama wa mkunga. Alikataa chai, akakataa keki, akakubali pierogi mbili, akazila akiwa amesimama huku macho yameshapanda ukutani.

"Nani ataniambia historia yake?" aliuliza.

"Mimi," akasema Stan. "Baba alimpandisha Straka kwenye injini yake majira ya baridi yote. Straka akampa hii kwa shukrani. Ni yenyewe, siyo nakala. Niliiona ikiwa mbichi, nikaigusa, nikachapwa."

Hilo la kuchapwa lilikuwa kweli. Verna aliwahi kulisikia.

Bi Renshaw aliuweka mkoba chini. Aliwaomba waishushe. Stan na Joanne waliitoa ukutani, na pale ilipokuwa pakabaki mraba mweupe uliozungukwa na rangi iliyofifia. Wakailaza mezani. Yule mama akavaa lenzi jichoni, akawasha tochi, akaanza kuimulika picha kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake kama jua la asubuhi juu ya shamba. Akaigeuza akanusa mgongo wake. Verna hakuwa amewahi kumwona mtu akinusa picha. Akailaza tena, akalowesha kijiti cha pamba kwa mate yake mwenyewe, akakipitisha polepole kwenye kona ya anga.

"Mate?" Joanne alinong'ona. "Tumemlipia mtu aje ateme mate?"

"Kimya," Stan akasema.

"Huyu alianza kuchora nini?" Bi Renshaw aliuliza ghafla, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe. Kisha akasimama wima. "Ni mkono wa Straka. Magurudumu haya hakuna mwingine anayeyachora hivi. Lakini kuna jambo linanisumbua. Naomba ruhusa niitoe kwenye fremu."

"Toa," Stan alisema, tayari anatabasamu.

Verna alishika kiti. Alijua kitakachoonekana. Yaani hakujua kwa macho, kwa sababu picha ile haikuwahi kutoka kwenye fremu tangu yeye azaliwe, lakini alijua kwa mikono.

Bi Renshaw alikunjua misumari midogo mmoja mmoja kwa koleo, akainua fremu ya mti wa mwaloni, akaiweka kando.

Kuzunguka picha nzima, pale ambapo mdomo wa fremu ulikuwa umeificha, palikuwa na ukanda mwembamba usiozidi upana wa kidole. Ndani ya ukanda ule anga haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, ya kahawia, ya zambarau kidogo, imevurugika, imejaa moshi. Moshi mzito, unaopanda na kukatika ghafla pale fremu ilipoanzia, kama umekatwa kwa kisu.

"Mungu wangu," Joanne akasema.

"Straka alichora moshi," Bi Renshaw alisema taratibu. "Anga yote hii ilikuwa moshi. Alichora kwanza theluji na injini, akaacha zikauke, halafu akapaka moshi juu kwa rangi nyembamba sana, nyepesi kama pumzi. Kuna mtu ameusugua. Si mara moja. Miaka mingi. Ameusugua mpaka ukaisha." Akawatazama wote watatu. "Hii picha ilisafishwa na nani?"

Joanne alianza kucheka kabla hajajua anachocheka. "Mama! Ni mama tu! Mama alisugua kila kitu. Alikuwa anasugua hadi mawe ya makaburi, eti babu analala kwenye uchafu."

"Kwa nini?" Bi Renshaw aliuliza. Hakucheka. Alitaka kujua kweli.

Verna aliona Stan akifungua mdomo, na akajua kitakachotoka kitakuwa kibaya. Akamwahi.

"Kila masika," alisema. "Makaa yakishaacha kuwashwa, nyumba zote za Portlow zilikuwa zinafutwa. Kulikuwa na unga laini wa rangi ya waridi, unauzwa kwenye kopo, umekandwa kama wa mkate. Unaukata tonge, unalivuta ukutani toka juu hadi chini, tonge linakuwa jeusi, unalikunja ndani, unavuta tena. Mama akimaliza kuta anamalizia na hiyo picha. Kwanza tonge. Halafu kitambaa cha maji ya magadi. Mimi nilikuwa nashika ndoo. Hawa wenzangu walikuwa shule."

"Na hukumwambia kitu?"

"Nilikuwa na miaka minne, mitano. Niliona tonge linakuwa jeusi. Mama akaniambia, 'Unaona uchafu huu? Hata kwenye picha umeingia.' Alidhani ni masizi. Masizi yalikuwa kila mahali, bibie. Kwenye mtindi. Kwenye masikio ya watoto. Angejuaje kwamba haya ya kwenye picha yalipakwa na mtu kwa makusudi?"

Stan alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Mjinga! Mwanamke mjinga! Ana dhahabu ukutani, anaifua kama soksi!"

"Rudia," Verna alisema.

"Nasema alikuwa—"

"Rudia nikumwagie supu yote kifuani. Iko jikoni inachemka. Rudia, Stan."

Hakurudia.

"We ulikuwa unamwona Jumatatu?" Verna aliendelea, na sauti yake ilikuwa chini, jambo ambalo Joanne alijua ni baya zaidi. "Jumatatu ni siku ya kufua. Anaamka giza. Anafua mashuka kwa mkono, anakamua, anayatundika nyuma ya nyumba. Meupe. Halafu treni ya saa nne inakuja, na dereva ni nani? Ni mzee. Ni mume wake! Anapiga honi kumsalimia mkewe, anaachia moshi wote hapo hapo kwenye kilima, na mashuka yanakuwa kama yamevutwa kwenye jiko. Anayashusha. Anayafua tena. Kila Jumatatu. Miaka ishirini na kitu. Hakuwahi kushinda hata mara moja. Sasa wewe unaona ujinga. Mimi naona sehemu moja tu katika mji huu wote ambapo mama aliuweza moshi, na ni hiyo picha."

Joanne alikuwa ameacha kucheka. Aliangalia mikono yake.

"Hadithi nzuri," Stan alisema. "Haibadilishi kitu. Bi Renshaw, ina thamani au haina?"

Bi Renshaw alikuwa amevua lenzi. "Kama ilivyo, ni kidogo sana. Wanaonunua Straka wananunua moshi wake. Wanataka zamani yao iwe na moshi. Hii watasema imechunwa ngozi." Verna akashusha pumzi. Ombi limejibiwa! Lakini Bi Renshaw hakuwa amemaliza. "Ila ukanda wa pembeni umebaki, kwa hiyo fundi mzuri ana pa kuigia. Naweza kuwatajia mmoja. Anaurudisha moshi, na picha inapanda tena. Si kama ya awali, lakini inapanda vizuri. Ningekuwa na chaguo kati ya hii na gari la zamani, ningechukua hii."

Alisema vile bila ubaya wowote. Angejuaje kuhusu gari? Stan ndiye aliyemweleza, bila shaka.

"Basi," Stan akasugua mikono. "Mimi mkubwa. Nimechagua. Nachukua picha, narudisha moshi. Joanne, wewe?"

"Subiri," Verna akasema.

"Hakuna kusubiri. Mzee alisema kama kule yadi. Mimi wa kwanza."

"Kama kule yadi, wewe si wa kwanza."

Stan alicheka puani. "Umeanza kuota. Mimi nimezaliwa kabla yenu wote wawili."

"Yadi hawahesabu kuzaliwa. Wanahesabu utumishi. Na mtu akiacha kazi mwenyewe, ukubwa wake unakufa siku hiyo. Akirudi, anarudi mkiani. Ni uongo?"

Joanne alitazama huku, akatazama kule.

"Ulisimama hapo hapo uliposimama," Verna alisema. "Mwaka ule treni za moshi zilipoondolewa, ukagombana na mzee. Ukamwambia, 'Nifute kwenye hesabu yako.' Nilikuwa hapo kwenye ngazi. Mzee akakuuliza, 'Unaacha?' Ukasema, 'Naacha.' Hukusema unakwenda likizo. Hukusema unakwenda jeshini, maana wa jeshini nafasi yake inalindwa. Ulisema unaacha. Kuanzia siku hiyo mama hakuweka tena sahani yako mezani."

"Ule ulikuwa ugomvi wa nyumbani! Kila mtoto anagombana na baba yake!"

"Na kule Omaha ilikuwaje? Krismasi ile ulipiga simu ukilia—"

"Sikulia."

"Ulilia. Dereva mzima, umeshaendesha treni milima hii yote, umefika Omaha wamekuweka chini ya vijana wasio na ndevu, unasukuma mabehewa usiku kwenye barafu. Ukamwambia mzee amuombe rafiki yake wa reli ya huko akusaidie. Mzee akakujibu nini?"

Stan alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alikuwa mtu mgumu, mwenye choyo, lakini reli ilikuwa imemkaa kwenye mifupa. Miaka thelathini na zaidi aliishi kwa sheria ile. Alipandishwa nayo pole pole kutoka mkiani, na alipofika juu aliwakandamiza nayo vijana waliokuja nyuma yake, bila huruma, huku akisema sheria ni sheria. Akiikana sasa, atakuwa amekana maisha yake yote ya kazi mbele ya mwanamke wa mjini mwenye lenzi.

"Akanijibu, ukiacha umeacha," alisema mwishowe, kwa sauti iliyopasuka.

"Ahsante."

"Lakini usifurahi sana!" Alimnyooshea kidole. "Mimi nikiwa mkiani, wewe bado si wa kwanza. Wa kwanza ni Joanne. Alihama mitaa mitatu tu, na Jumapili hata moja hakukosa. Hakuacha kazi huyo."

Ikawa kama jipu limepasuka. Wote wakamgeukia Joanne, ambaye katika maisha yake yote ya miaka sitini na miwili hakuwahi kugeukiwa na watu wawili kwa pamoja. Aliketi wima. Akapangusa makombo ya keki kifuani. Hata uso wake ulibadilika, ukawa na kitu fulani cha kifalme, na Verna akaogopa kweli kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mimi wa kwanza?" Joanne alisema, kama anayeonja.

Stan aliinama karibu naye haraka. "Joanne. Dada yangu. Chukua picha. Nitaipeleka kwa fundi mimi mwenyewe, gharama zangu. Tukiuza, nusu kwa nusu. Fikiria! Wewe na mimi."

Verna hakuwa na la kuahidi. Nusu ya nini? Akasema tu, "Joanne, usiwaruhusu waurudishe moshi," na hapo akageukia dirisha, kwa sababu alijua kulia kungempa Stan furaha.

Joanne hakuwa na haraka. Aliitazama picha. Aliutazama ule ukanda wa moshi uliozunguka theluji. Akachukua pierogi moja, akaila yote, wakimtazama anavyotafuna.

"Stan," alisema, "mara ya mwisho kuniuliza magoti yangu yanaendeleaje ilikuwa lini?"

"Nini? Magoti?"

"Nilipasuliwa goti la kushoto mwezi wa Mei. Ulituma kadi. Kadi iliandikwa na mkeo. Leo umeingia hapa, nimekaa hapa, hukunisalimia. Sasa hivi nimekuwa dada yako." Akajifuta vidole. "Gari langu limekufa tangu Agosti. Kutoka kwangu hadi hapa natembea kwa miguu kwenye barafu kama mwizi wa kuku. Nachagua Buick."

"Joanne! Lile gari ni bati! Halifiki hata nusu ya—"

"Linafika kanisani. Nimechagua."

Verna alifungua mdomo kushukuru.

"Na wewe usinishukuru," Joanne alimkatiza, amegeuka na kidole kimesimama. "Wewe nawe hukuwahi kuniuliza. Unanipikia na kuninunia. Chagua chako tumalize."

"Picha," Verna alisema.

Bi Renshaw, aliyekuwa akifunga mkoba wake kimyakimya, alisimama akiwa na lenzi mkononi. Inaelekea katika kazi yake ameona mengi, lakini hakuwa ameona mtu akipewa picha kwa kanuni za mabehewa. Aliweka kadi ya yule fundi mezani. Verna aliirudisha kwake kwa kidole kimoja.

"Ni kazi safi anayofanya," Bi Renshaw alisema.

"Sitaki kazi safi. Safi ilishafanywa."

Sasa ilibaki zamu ya Stan, wa mkiani. Alivaa koti lake taratibu, kifungo baada ya kifungo. Alitazama kabati la vyombo, saa ya ukutani, kochi lililozama katikati pale mzee alipokuwa akilala. Halafu akaiona ile fremu ya mwaloni imelala tupu kando ya meza.

"Fremu si picha," alisema. "Hukuitaja. Nachukua fremu."

"Stan, acha utoto," Joanne akasema.

"Sheria ni sheria." Alikwisha kuitia kwapani. "Vijiko gawaneni wenyewe. Na Verna, kuanzia leo mimi sina dada. Ulinihesabu, sasa nifute tena."

Aliufunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba vikombe vilitikisika bila treni. Walimwona dirishani akivuka uwanja, fremu imebanwa ubavuni, ndani yake theluji ya kweli na mabehewa ya kweli yakipitapita kila alipopiga hatua. Akaisukuma kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Haikuingia. Akaizungusha, akaijaribu kwa pembe, akaupiga mlango teke. Mwishowe aliondoka na dirisha limefunguliwa, pembe moja ya fremu imetokeza nje kwenye baridi.

Bi Renshaw naye aliaga. Joanne alibaki kumaliza chai. Hawakuwa na mazoea ya kukaa wawili bila mtu wa tatu wa kumsengenya.

"Utampigia?" Joanne aliuliza.

"Nani, mimi?" Verna alikuwa ameinua picha kwa ncha za vidole. Ilikuwa nyepesi ajabu bila fremu. "Atapiga yeye. Mimi sasa ni mkubwa wake."

"Hatapiga."

"Najua."

Alipanda juu ya kochi kwa soksi, akaitundika kwenye msumari uleule. Picha ilikuwa ndogo kuliko alama iliyoachwa na fremu, ikaning'inia katikati ya mraba mweupe kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Moshi wa pembeni ulionekana wote sasa, ukanda mweusi mweusi kuizunguka theluji ya mama. Joanne akasema imekaa upande. Verna aliisogeza kidogo kushoto.

"Bado," Joanne akasema.

"Basi njoo uisogeze mwenyewe."

"Na haya magoti?"

Verna alishuka. Akaichukua sahani ya pierogi zilizobaki, akazifunika kwa kitambaa, akaiweka karibu na mkoba wa dada yake bila kusema ni za nani.